Hanakāpīʻai: bichi ya kwenda kuangalia, sio ya kuogelea

Mdogo wangu anaishi Seattle na mwaka huu anapanga kwenda Hawaii na mkewe, sasa juzi kanitumia picha ya bichi moja ya kisiwa cha Kauaʻi na swali fupi tu, "kaka, hapa tunaweza kuogelea?" Nikaiangalia ile picha. Mchanga msafi, magenge ya kijani yamesimama wima nyuma yake mpaka yanaingia mawinguni, mto mdogo unamwaga maji baharini, hamna hoteli, hamna kibanda cha soda, hamna hata mwavuli mmoja, na bahari ya bluu imetulia tuli. Nikamjibu hapana. Akarudi tena, "mbona maji yametulia, na sisi si tumekulia baharini?"

Hilo swali la pili ndo limenifanya nikae chini niandike, manake ndani yake kuna makosa mawili na yote mawili yanaua watu. La kwanza ni kudhani kwamba bahari iliyotulia saa nne asubuhi itakuwa imetulia saa sita. La pili ni kudhani mtu aliyekulia kwenye bahari ya Tanga au Malindi au Unguja basi anaijua na bahari ya Kauaʻi. Nitaanza na mahali penyewe, halafu nitakuja kwenye maji.

Bichi yenyewe inaitwa Hanakāpīʻai. Usiogope maandishi, Kihawaii kinasomeka kama Kiswahili, kila silabi inaishia na vokali, ile mistari juu ya herufi inakwambia vuta sauti kidogo, na ile alama kama koma iliyogeuzwa inakwambia ikate sauti kooni kabla ya kuendelea. Iko pwani ya Nā Pali, kaskazini magharibi mwa kisiwa, na Nā Pali maana yake ni hiyo hiyo, magenge. Na ni magenge kweli, kuna sehemu yanapanda karibu mita 1,200 kutoka baharini na hamna mtu aliyewahi kuchonga barabara ya gari pale. Barabara ya lami ya pwani ya kaskazini inaishia sehemu inaitwa Kēʻē, ndani ya hifadhi ya Hāʻena, na hapo inaanza njia ya miguu ya Kalalau yenye urefu wa kilomita 18 hivi. Hanakāpīʻai iko kama kilomita 3.2 kutoka mwanzo wa njia, ndo kituo cha kwanza. Kwa simu ya mkononi hiyo inaonekana ni nusu saa, ila ukiwa pale unapanda na kushuka juu ya mawe yanayoteleza na matope mekundu kwa saa moja na nusu, kwenda tu. Ukifika unakuta bonde, mto, na ufukwe. Basi. Zamani bonde lile lilikuwa na watu na mashamba ya kalo, yaani magimbi yetu haya haya, nduma kwa ndugu zangu wa Kenya, na kingo za mawe za yale mashamba bado unaziona ndani ya msitu. Sa hivi hakuna anayeishi pale, na network ya simu usiitegemee.

Kwenye njia ya kushukia ufukweni kuna kibao kimoja cha mbao ambacho picha yake imezunguka dunia nzima. Kinasema usikaribie maji, kuna mikondo isiyoonekana imeua wageni, halafu chini yake kuna vistari vimechongwa kwa kisu, vinne vinne kimoja kimekata, kama mtu anavyohesabu magunia. Vile vistari vilishapita 80. Ile si rejista ya serikali, ni hesabu ya mkono na idadi ya vifo vilivyoandikwa rasmi ni ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo mimi siichukui kama takwimu. Ila ni kweli pale wamekufa wengi, na baadhi ya miili haikupatikana mpaka leo. Ukielewa kwa nini miili haipatikani umeshaielewa nusu ya bichi hii.

Haya, twende kwenye maji.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na mwamba. Ukisimama ufukweni mwa Nyali au Jambiani ukaangalia mbali unaona ule mstari mweupe wa povu, pale ndo mwamba wa matumbawe unapigana na bahari kuu, na huku ndani sisi tunabaki na maji ya kucheza watoto. Wimbi linafika kwetu likiwa limeshachoka. Tunachokiogopa sisi ni maji kujaa na kupwa, kwa sababu bamvua kwetu inaweza kupandisha bahari karibu mita 4, ndo mana mama anayekwenda mwambani kutafuta pweza anajua mwezi uko wapi na anajua saa ya kurudi. Akili yetu ya bahari yote imejengwa hapo, mwezi, kujaa, kupwa, kusi na kaskazi, na mlango wa mwamba ambapo maji yanatoka kwa kasi.

Sasa peleka akili hiyo Hanakāpīʻai uone inavyokosa pa kushika. Kujaa na kupwa kwa Hawaii ni kudogo sana, tofauti haifiki mita 1 siku nyingi, kwa hiyo mtu anaangalia maji anaona hayajasogea, anatulia moyo. Mwamba mbele ya ufukwe ule hamna. Wala hamna ile bahari ya kina kifupi ya kupunguza kasi ya wimbi, kwa sababu visiwa vya Hawaii ni vilele vya milima ya volkano iliyoota kutoka chini kabisa ya Pasifiki, maji ya kina kirefu yanakuja mpaka karibu na mlango wa nyumba. Ukitoka pale kwenda bara la Marekani ni kama kilomita 3,900. Wimbi linalotoka kaskazini ya Pasifiki halikutani na kitu chochote njiani, kitu cha kwanza linachokigusa ni ule mchanga uliotandika taulo lako.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho wageni wengi hawakijui na kwa kweli hata mimi nilichelewa kukielewa. Wimbi kubwa halihitaji upepo wa pale ulipo. Dhoruba inapiga huko juu karibu na visiwa vya Aleutian upande wa Alaska, inakoroga bahari siku mbili tatu, yale mawimbi yanaanza safari, na katika safari yanajipanga yenyewe, yale marefu yenye nafasi kubwa kati ya moja na jingine yanatangulia kwa sababu yanakwenda haraka zaidi. Kundi la mawimbi lenye sekunde 20 kati ya wimbi na wimbi linasafiri kama kilomita 56 kwa saa kwenye maji ya kina. Kwa hiyo dhoruba ikiwa kilomita 3,000 mbali, zaidi ya siku mbili baadaye ndo mawimbi yake yanafika Kauaʻi, na siku hiyo Kauaʻi jua linawaka, upepo hamna, ndege wanaimba, na mtu aliyetoka hotelini hana sababu hata moja ya kuogopa. Hali ya hewa ya pale haikwambii kitu kuhusu bahari ya pale.

Jingine, mawimbi hayo yanakuja kwa makundi. Yanakuja matano, sita, makubwa, halafu bahari inalala. Inaweza kulala dakika kumi na zaidi. Mtu akifika wakati imelala anaona ziwa, anaingia mpaka kiunoni, anapiga picha, anamwita mwenzake, na kundi jingine likiingia linamkuta pale. Ile picha aliyonitumia mdogo wangu inaweza kabisa kuwa imepigwa kwenye hizo dakika kumi. Na nguvu ya wimbi haiongezeki kidogo kidogo jinsi macho yanavyofikiri, wimbi la mita 2 lina nguvu mara nne ya wimbi la mita 1, sio mara mbili. Maji ya bahari ya ujazo wa mita moja kwa moja kwa moja yana uzito wa zaidi ya tani moja. Kwa hiyo tani ngapi zinakupitia magotini hapo, piga hesabu mwenyewe.

Kuna na jambo la vipimo. Wenyeji wa Hawaii wa mambo ya mawimbi wana mazoea ya zamani ya kutaja wimbi kwa kama nusu ya urefu wa uso wake, yaani ukimsikia kijana wa pale anakwambia leo ni futi tatu, ule ukuta utakaokujia mbele unaweza kuwa futi sita. Utabiri wa serikali wao wanataja uso mzima. Mgeni asiyejua tofauti hii anachanganya vitabu viwili.

Turudi kwenye ile mikondo isiyoonekana. Mawimbi yakivunjika yanasukuma maji kuja ufukweni, maji yanajaa pale kwenye mchanga na lazima yarudi, na maji ni kama watu kwenye uwanja wa mpira, yanatafuta geti. Geti lenyewe ni mahali ambapo fungu la mchanga chini ya bahari limekatika, au pale mdomo wa mto ulipochimba njia, au kando ya jabali. Maji yote yaliyoletwa na mawimbi upana wa ufukwe mzima yanatokea kwenye njia hiyo moja nyembamba, na huo ndo mkondo unaovuta nje. Mara nyingi unakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea pole pole, lakini mawimbi yakiwa makubwa unaweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, na hiyo ni kasi ya muogeleaji wa olimpiki kwenye mita 100, yeye anaimaliza kwa sekunde 47 hivi na akifika anashika ukuta anapumua.

Na ubaya wa huo mkondo ni sura yake. Pale unapopita mawimbi hayavunjiki vizuri, povu ni dogo, maji yanaonekana laini na rangi nzito, basi mtu asiyejua anaangalia ufukwe mzima anaona kushoto povu, kulia povu, katikati pametulia, anachagua katikati. Amechagua geti. Tena anaingia na mtoto.

Umeshasikia ushauri wa kawaida, ukishikwa na mkondo usipigane nao, elea, tulia, uache ukupeleke, mkondo ukilegea ogelea sambamba na ufukwe halafu urudi na mawimbi, nyoosha mkono uonekane. Ni ushauri sahihi, ushike, na mfundishe mwanao. Ila Hanakāpīʻai inauvunja katikati, na kwangu mimi hili ndo jambo kubwa kuliko yote. Ushauri ule unadhani mambo mawili, kwamba kuna mtu ufukweni wa kukuona, na kwamba pembeni kuna ufukwe mwingine wa kutokea. Pale waokoaji hamna, wa karibu wako Kēʻē, saa moja na nusu kwa miguu juu ya matope, na huna simu ya kuwaita. Halafu pembeni hamna ufukwe. Mkondo ukishakutoa nje unakutana na mkondo mwingine, wa bahari yenyewe, unaotembea kandokando ya magenge kuelekea magharibi na upepo wa msimu unausukuma, na huko unakopelekwa ni kilomita na kilomita za ukuta wa mwamba ambao mawimbi yanaupiga na kurudi. Unaiona nchi kavu mita 50 kutoka ulipo na huwezi kuigusa. Ukiikaribia ndo inakuua. Mtu hodari wa kuogelea anaweza kukaa juu ya maji saa nzima na bado akakosa pa kutokea. Kwa hiyo mdogo wangu akiniambia yeye anajua kuogelea mimi namwamini, ila anachokosa pale ni mahali pa kutua, na hilo pumzi zake haziwezi kulitatua.

Ndo mana miili mingine haikupatikana.

Kuna watu watasema sawa, mimi siingii, nitasimama tu pembeni. Hapo pia taratibu. Ufukwe ule una mteremko, wimbi linavunjika juu ya mchanga kabisa, na wimbi la namna hiyo linamwinua mtu na kumbwaga kichwa chini, watu wanavunjika shingo na uti wa mgongo kwenye maji ya kiunoni. Likirudi linavuta mchanga chini ya nyayo zako, unahisi ardhi inakimbia. Na wanaokaa juu ya majabali kupiga picha nao wanachukuliwa, wanaona jabali liko juu wanadhani ni salama. Angalia jabali lenyewe, likiwa limelowa basi bahari imefika pale leo, na kama imefika leo itarudi. Waokoaji wa Hawaii wana maneno yao wanayarudia kila siku, usiipe bahari mgongo, na kama una wasiwasi usiingie.

Sasa misimu. Watu wanasema kiangazi ni salama na wakati wa baridi ni hatari, ni kweli kiasi. Kuanzia kama Oktoba mpaka Aprili hivi mawimbi ya kaskazini yanakuwa makubwa kiasi kwamba yanaubeba ufukwe wenyewe, mchanga wote unakwenda kuwekwa nje chini ya maji na unachokikuta ni mawe makubwa ya mviringo kama matikiti. Ukienda Januari utauliza bichi iko wapi. Halafu kuanzia mwezi wa tano hivi mawimbi yanapungua, na mawimbi madogo yanaurudisha mchanga taratibu, kufika mwezi wa saba kuna bichi nzuri sana. Mimi ndo nasema huo uzuri wa kiangazi ni sehemu ya hatari, manake Januari hakuna mwenye akili atavua shati pale, bahari inajieleza yenyewe. Kiangazi mtu katembea kilomita tatu, jasho linamtoka, matope mpaka kwenye magoti, mbele yake maji ya bluu. Kiu ile ya mwili ndo inamwingiza. Na mwamba bado hamna, magenge bado yapo pale pale, mkondo wa magharibi bado unatembea.

Nisiusahau na mto wenyewe. Kabla ya kufika mchangani lazima uvuke mto wa Hanakāpīʻai, siku nyingi unaruka mawe tu. Lakini maji yake yanatoka milimani juu ya bonde, na kisiwa hiki katikati yake, kwenye mlima Waiʻaleʻale, mvua ni zaidi ya milimita 9,000 kwa mwaka, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote duniani. Mvua inaweza kunyesha huko juu wewe uko kwenye jua ufukweni, na dakika chache baadaye mto wa magotini unakuwa mto wa kifuani, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Aprili 2014 watu 121 walikwama ng'ambo ya mto huo mpaka zimamoto walipokwenda kuwaokoa. Waliokufa pale pia wapo. Ukikuta mto umejaa, kaa. Lala njaa. Mito ya namna ile inajaa haraka na inashuka haraka, ukisubiri masaa machache mara nyingi unavuka kama ulivyokuja.

Na maji ya mto usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatibu, na kama una kidonda usiingie nacho, manake mito ya Hawaii ina leptospira, ile bakteria inayotoka kwenye mikojo ya panya, nguruwe na wanyama wengine, ni ule ugonjwa uliotokea Lindi mwaka 2022 tukauita homa ya mgunda.

Swali ambalo kila mtu anauliza akishasikia haya yote, kwa nini serikali isiifunge? Jibu lake lina sheria ndani. Hawaii fukwe zote ni za umma, mahakama ya juu ya jimbo iliamua tangu 1968 kwamba mpaka wa mtu binafsi unaishia pale wimbi linapofika juu kabisa, na wenyeji wanaipenda haki hiyo sana kwa sababu baba zao walivua na kuokota chakula kwenye fukwe hizo kabla ya hoteli yoyote. Hata ile hoteli ya bei mbaya kuliko zote haiwezi kukufukuza mchangani. Sasa ukishasema bahari ni ya wote, huwezi kuweka kufuli kila penye hatari, ungefunga kisiwa kizima. Walichofanya ni mfumo wa vibao, tangu 1996 kuna sheria inayosema serikali ikiweka kibao rasmi cha onyo kwenye ufukwe wa hifadhi ya umma basi imeshatimiza wajibu wa kukuonya juu ya hatari za asili za bahari, na mwaka 2003 ikaja nyingine ya njia za milimani na ardhi za umma. Kwa maneno mengine kibao rasmi cha manjano chenye mtu anayezama si pambo wala si woga wa kizungu, kinasema sisi tumekwambia, kuanzia hapa ni juu yako. Mimi nadhani ni utaratibu wa haki, lakini unafanya kazi kwa anayesoma tu, na watu wa likizo hawasomi vibao.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni mvua ya Aprili 2018. Kituo cha Waipā, jirani kabisa na huko, kilipima milimita 1,262 ndani ya saa 24, rekodi ya Marekani nzima. Dar es Salaam mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 1,100, kwa hiyo fikiria mvua yote ya Dar, masika na vuli, imeshuka siku moja kwenye bonde. Milima iliporomoka, barabara ikakatika, na upande wa Hāʻena ukafungwa mpaka Juni 2019. Katika huo mwaka na zaidi bila wageni wenyeji wakaona samaki wanasogea karibu, njia zinapumua, na wakashika msimamo kwamba ile hali ya zamani ya watu zaidi ya 2,000 kwa siku na magari yameziba barabara mpaka ambulensi haipiti isirudi. Ikafunguliwa kwa masharti, wageni 900 kwa siku, basi.

Kwa hiyo ukitaka kwenda sasa huwezi kuamka tu ukaenda. Lazima ubuku mtandaoni, nafasi zinafunguliwa siku 30 kabla na zinaisha haraka sana, hasa za kuegesha gari, kiingilio na maegesho vinalipiwa, au unachukua basi la watalii ambalo ndani ya tiketi yake kiingilio kimo. Wakazi wa Hawaii wenye kitambulisho hawalipi. Kuvuka Hanakāpīʻai kuendelea mbele kwenye njia ya Kalalau kunahitaji kibali kingine, cha kupiga kambi, hata kama hulali. Usijaribu kupita bila, na usiegeshe kwenye majani ya nyumba ya mtu kijijini Hāʻena. Wale ni watu wenye mashamba na wazee wao, na barabara yao ni hiyo moja.

Nikamwambia mdogo wangu basi nendeni, kwa kweli nendeni, mimi sijamkataza kwenda, nimemkataza kuingia majini. Vaa viatu vyenye meno, sio ndala, na usilie kwa ajili ya rangi yake kwa sababu yale matope mekundu hayatoki. Beba maji lita mbili kila mtu. Ondokeni asubuhi mapema ili mrudi jua bado lipo. Mkifika kaeni juu, pale mchanga ulipo mkavu kabisa na majani yameanza kuota, mpe bahari dakika ishirini za kuiangalia bila kufanya chochote, hesabu makundi yake, angalia povu linakwenda upande gani, utaona mwenyewe jinsi linavyokimbilia magharibi kwenye magenge. Kama mna nguvu kuna njia nyingine inapanda ndani ya bonde kama kilomita 3 mpaka maporomoko ya Hanakāpīʻai, maji yanaanguka karibu mita 90, ila huko nako usikae chini ya maporomoko, mawe yanaanguka kutoka juu, na mvua ikianza geuza.

Na kuogelea mtaogelea, lakini Kēʻē, mwisho wa barabara, mkishateremka. Pale kuna mwamba mbele kama kwetu na kuna waokoaji kwenye mnara wao, siku nyingi za kiangazi maji ni mazuri mno. Hata Kēʻē ina mlango wake upande wa kushoto ukiangalia bahari, maji yanatokea hapo, kwa hiyo kabla hamjaanza kupanda asubuhi piteni kwanza mnarani muwasalimie wale waokoaji, mwaambie mnaelekea Hanakāpīʻai, muwaulize leo bahari ikoje na mchana itakuwaje. Wanaiangalia kila siku na watakujibuni bila haraka. Wakisema leo hata Kēʻē msiingie, basi oshani matope kwenye mabafu ya nje ya hifadhi mpande basi.